Kosa Jekundu kwenye Picha ya Nne

Benchi la njia panda ya Nyakanazi lilikuwa ubavu wa lori lililopinduka mwaka sabini na tatu likiwa limebeba pamba, na tangu siku hiyo ubao ule haukubeba tena kitu chenye faida. Ulibeba watu. Kila asubuhi Bukuru, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na birika lake kichwani, aliwasha mkaa pembeni na kumimina kahawa ambayo, mwaka huo wa sabini na tisa, ilikuwa nusu kahawa na nusu mahindi ya kukaanga. Haikuwa na sukari. Sukari ilikwenda vitani Uganda pamoja na kila kitu kingine na ilikuwa bado haijarudi. Katikati ya benchi alikaa balozi wa nyumba kumi, Mzee Emilian, aliyeitwa Kalamu Mbili kwa sababu alichomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na moja kati ya hizo haikuwa na wino tangu operesheni ya vijiji. Kulia kwake alikaa Malongo, aliyeitwa Redio, mwenye redio isiyo na betri na taarifa ya habari kila saa. Kushoto alikaa Shibuda, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Huyu aliitwa Daktari, kwa kuwa aliwahi kulazwa Rulenge miezi mitatu akatoka anayajua magonjwa ya wodi nzima isipokuwa la kwake.

Alhamisi ile ya Agosti benchi lilikuwa na mshitakiwa. Deodata, binti wa Rozalia wa nyumba ya saba, alikaa kwenye ncha ya ubao, magoti yamebanana, mkoba wa ngozi mapajani. Alikuwa anasoma upigaji picha Ujerumani ya Mashariki, katika mji wa Leipzig, na likizo yake ya wiki sita ilikuwa inakwisha. Jumatatu ilimbidi apande lori la Kahama akawahi treni. Akichelewa chuoni, nafasi yake angepewa mwingine. Ili apite wilayani alihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa balozi. Barua ilikuwa imeshaandikwa. Ilibaki sahihi tu.

Lakini Jumanne mgambo wa kizuizi cha barabarani aliupekua mkoba wake akakuta karatasi moja ngumu, yenye ukubwa wa daftari, iliyojaa picha thelathini na sita, kila moja kama stempu kubwa. Nyingi zilikuwa zimepigwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, kama daftari la hesabu la mtoto mzito. Chache zilikuwa zimezungushiwa duara. Mgambo hakuelewa, kwa hiyo alifanya lile ambalo kila asiyeelewa hulifanya: alipeleka juu. Akaandika nyuma ya karatasi, "Achunguzwe." Kalamu Mbili naye hakuelewa, na kwa kuwa juu yake palikuwa na ofisi ya kata iliyo umbali wa saa tatu kwa miguu, aliileta karatasi benchini.

— Shikamooni, alisema Deodata kwa mara ya pili. Ya kwanza aliisema wakati wanagombania nafasi.

— Marahaba, binti. Kwa mujibu wa maelekezo, kikao kimefunguliwa. Simama.

— Akisimama, ubao utainuka upande huu na nyie mtamwaga kahawa, alisema Bukuru.

— Basi kaa. Lakini kaa kwa heshima.

Deodata aliendelea kukaa kama alivyokaa.

— Karatasi hii ni yako?

— Ni yangu, mzee. Ni karatasi ya kuchagulia. Ukishasafisha mkanda, unaulaza wote juu ya karatasi moja, zinatoka picha zote ndogondogo. Halafu unakaa nazo, unachagua zipi zikuzwe.

— Na nyingine?

— Nyingine zinaachwa.

Malongo aliigeukia redio yake, kana kwamba anaiomba ithibitishe.

— Mmesikia lakini? Zinaachwa. Mtu anakwenda Ulaya kwa jasho la mkulima wa pamba, anapiga picha thelathini na sita, anaacha thelathini.

— Ishirini na tisa, alisema Deodata. Zilizokatwa ni ishirini na tisa. Za duara ni sita. Moja haina alama.

Hakukusudia kumsahihisha. Ulikuwa ugonjwa wake tangu shule: namba ikikaa vibaya mbele yake, hapumui vizuri mpaka aiweke sawa.

— Hiyo moja ndiyo ipi? aliuliza Kalamu Mbili kwa sauti ya chini.

Deodata aliionyesha. Ilikuwa ya kumi na saba, nayo ilikuwa nyeusi tupu.

— Hii ni ya nini?

— Si ya kitu, mzee. Nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi.

Wazee walitazamana. Picha thelathini na tano zenye watu, nyumba, mbwa na magari hawakuzitilia shaka hata kidogo. Hii nyeusi ndiyo waliyoipitisha kutoka mkono hadi mkono.

— Hapa ndipo palipofichwa kitu, alisema Malongo.

— Weka kwenye kumbukumbu, alisema Kalamu Mbili, ingawa hakuna aliyekuwa anaandika.

Deodata alitoa mkobani kikombe kidogo cha plastiki chenye kioo cha kukuzia, akaeleza kinavyowekwa juu ya picha na jicho juu yake. Malongo alikichukua, akakiweka kinyume, akatangaza kwamba Ulaya iko mbali sana. Shibuda alimnyang'anya, akakigeuza, akainama. Alikaa pale muda mrefu, makalio juu, kama mtu anayechungulia kisima.

— Jamani, alisema hatimaye. Wazungu wamepanga foleni.

— Acha uongo.

— Foleni! Vikapu mkononi! Njoo uone mwenyewe, bibi kizee wa Kizungu amekunja uso kama wetu wa siku ya sabuni.

Benchi lote lilikwenda upande mmoja na Bukuru akashika birika. Waliangalia mmoja baada ya mwingine, na furaha iliyowaingia haikuwahi kuonekana benchini hata siku ile vita vilipotangazwa kumalizika.

— Wanangoja nini?

— Machungwa, alisema Deodata. Yalikuja kabla ya Krismasi. Walisimama tangu saa moja.

— Machungwa! Shibuda alipiga paja. Sisi tunasimama kwa sukari, wao wanasimama kwa machungwa. Hapo Rulenge machungwa yanaoza chini.

— Nilisema, alisema Malongo, ambaye hakuwahi kusema. Nilitangaza hapa hapa kwamba dunia nzima ni foleni, mkanibishia.

Kisha Kalamu Mbili alikumbuka cheo chake.

— Lakini swali linabaki. Watu wote hawa wa foleni, mbona hakuna hata mmoja anayekuangalia?

Hilo ndilo swali ambalo Deodata alikuwa analiogopa, kwa sababu jibu lake, alipokuwa Leipzig, lilikuwa zuri sana. Mwalimu wake alilieleza kwa mikono miwili na darasa zima likaandika. Hapa benchini, kabla hata hajafungua mdomo, aliona halitasimama.

— Ndiyo kazi yenyewe, mzee. Unatembea barabarani na kamera, unapiga watu walivyo. Mtu asijue. Akijua anajitengeneza, na akijitengeneza si yeye tena.

— Asijue?

— Asijue.

Wote watatu walikuwa wamepiga picha maishani, kwenye studio moja Biharamulo, tena mara moja moja. Kalamu Mbili alipiga na saa ya kuazima, mkono umewekwa juu ya ua la plastiki ili saa ionekane. Shibuda aliambiwa asipepese macho, hakupepesa, na mpaka leo ile picha yake inatisha watoto. Mtu alikwenda kupiga picha kama anavyokwenda kubatizwa: ameoga, ana shahidi, na anamtazama anayehusika usoni.

— Kwa hiyo unawinda, alisema Shibuda polepole.

— Siwindi, mzee.

— Unatembea kimyakimya, hutaki mnyama akuone, akikuona amekupotea. Mimi nimewahi kuwinda. Haina jina jingine.

— Na huko hakuna aliyekuuliza? aliuliza Kalamu Mbili.

— Polisi aliniuliza mara mbili. Nikamwonyesha barua ya chuo.

— Umeona! Uso wa balozi uliangaza. Hata Ulaya ni barua!

— Mimi nasema hawaangalii kwa sababu ya shingo, alisema Shibuda. Baridi ile inakausha mshipa wa hapa nyuma. Pale wodini kulikuwa na mtu wa namna hii. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama kabati.

— Wapi! alisema Malongo. Wameambiwa wasimwangalie. Imetangazwa redioni kwao: anakuja binti Mwafrika na kamera, kila mmoja atazame chini aendelee na shughuli zake. Serikali ya kule inajua kupanga.

— Mji mzima? aliuliza Shibuda.

— Mji mzima utashindikanaje, na sisi wilaya nzima tulihamishwa kwa mwezi mmoja?

Maneno hayo hayakupaswa kutamkwa, na Malongo mwenyewe aliona. Shibuda alikiweka chini kikombe cha kahawa. Aliinama tena kwenye karatasi, safari hii bila kioo, akayafuata makosa mekundu kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine.

— Ninyi mnacheza, alisema. Mimi hii alama naijua. Mwaka sabini na nne walikuja vijana na ndoo ya chokaa. Nyumba yangu ya kwanza kule nyuma ya mlima, walichora hivi hivi mlangoni. Nikauliza, hii ni nini? Wakasema, ni hesabu tu, mzee. Kesho yake lori, kesho kutwa paa liko chini. Alama hii haichorwi bure.

Hakuna aliyecheka. Benchi lote lilikuwa na milango iliyowahi kuchorwa chokaa.

— Sasa basi, Malongo alinong'ona, nazo akili zake zilishaanza kukimbia. Za duara ni za kubaki. Za kosa ni za kuhamishwa. Binti katumwa. Wanaanza na Wazungu ili sisi tusishtuke, halafu…

Jicho lake lilikuwa limefika mstari wa juu wa karatasi, mkono wa kushoto, ambako hapakuwa na theluji wala tramu, zile treni za barabarani.

— Halafu hii si Nyakanazi?

Deodata alifumba macho. Alijua watafika.

— Ni Nyakanazi, alisema. Mkanda niliuanzia hapa, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Novemba, siku niliyoondoka. Bruda wa misheni alinipa kamera yake kuukuu na mkanda mmoja. Nilipiga tano hapa, nikaona nisimalize, thelathini na moja zilizobaki nikazimalizia kule.

— Huyu ni mimi! Kalamu Mbili alikuwa tayari kwenye kioo. Picha ya pili. Mimi, na Malongo kainua redio, na Daktari kakodoa macho. Tumependeza. Tumenyooka. Hata kola… Sauti yake ilibadilika. Binti. Mbona nimepigwa kosa?

— Wote tumepigwa kosa, alisema Shibuda.

— Ya kwanza kosa, ya pili kosa, ya tatu kosa, Malongo alihesabu, ya nne kosa, ya tano… Eee! Ya tano ina duara!

— Ni nani?

Walisukumana. Malongo alikuwa wa kwanza kuinuka, na alimtazama Bukuru kama mtu aliyeibiwa nyumbani kwake.

— Ni huyu. Balozi kakatwa, mimi nimekatwa, raia halali tumekatwa sote. Mkimbizi kawekewa duara, yuko safu moja na Wajerumani!

— Mimi nilikuwa naangalia kahawa isimwagike, alisema Bukuru. Sikujua kama napigwa.

— Ndiyo sababu, alisema Deodata, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka kwa haraka. Ndiyo maana yake yote, wazee wangu. Hakuna kuhamishwa. Mwalimu wangu anasema mtu akishaitazama lenzi, picha imekufa. Zilizokatwa ni zile ambazo mtu aliniona. Basi. Bukuru hakuniona. Bibi wa machungwa hakuniona. Nyie mliniona, mkajinyoosha.

— Kwa hiyo sisi tumekufa, alisema Malongo.

— Picha, mzee. Picha ndiyo imekufa.

— Tumekufa kwa sababu tuna adabu. Mtu akikutazama, unamtazama. Marehemu tunywe kahawa, jamani.

— Na huyu wa ya nne? Shibuda alikuwa kwenye kioo. Hili lori la ushirika lililopakia mgambo. Huyu kijana wa mwishoni, mdomo wazi mpaka unakiona chakula cha jana.

— Anaomba muhindi wa kuchoma, alisema Malongo. Mgambo wale walipita na njaa, walinimalizia shamba.

— Anapiga miayo, alisema Shibuda. Malale hayo, yanaanzia hivyo hivyo.

— Anaimba. Hajui wimbo, lakini hataki wenzake wajue.

— Anamwambia dereva amesahau mguu mmoja chini, alisema Kalamu Mbili.

Deodata alitabasamu kidogo, kwa kuwa walikuwa wamerudi kucheka na yeye alikuwa bado hajafungwa. Lakini Kalamu Mbili aliegemea mbele.

— Lori la mgambo, binti. Wakati wa vita. Unajua kwamba hilo ndilo kosa lenyewe?

— Sikufikiri, mzee. Lilisimama mbele yangu.

— Unaweza kuthibitisha kwamba si jambo la kijasusi?

Deodata alitoa daftari lake lenye ganda la bluu. Hili alilipenda kuliko kamera. Kila picha ilikuwa na mstari wake: namba, tarehe, saa, mahali, mwanga, na kasi ya kamera kufumbua na kufumba.

— Niulize yoyote, mzee.

— Ya kumi na mbili.

— Jumapili, tarehe tatu Desemba, saa nane na dakika kumi mchana. Kituo cha tramu. Mawingu. Sehemu ya sitini ya sekunde.

— Ya ishirini na sita.

— Alhamisi, tarehe kumi na nne Desemba, saa tano kasoro robo asubuhi. Mlango wa duka la viatu. Theluji nyepesi. Sehemu ya thelathini ya sekunde, mkono ulitetemeka.

Kalamu Mbili alimgeukia kila mmoja kwa zamu, kama mtu aliyeletewa mahari.

— Mnaona? Hata ofisi ya kata haina kumbukumbu hizi. Mtu anayeandika kila kitu hivi hawezi kuwa jasusi.

— Jasusi ndiye huandika, alisema Malongo.

— Jasusi hukariri! Kwa mujibu wa maelekezo.

Akatoa barua mfukoni, akaikunjua juu ya goti, akashika kalamu. Deodata aliangalia ile ncha ikishuka. Alikuwa anahesabu: Jumatatu Kahama, Jumatano treni, Ijumaa Dar es Salaam.

— Hamjambo hapa.

Ncha ilisimama hewani.

Alikuwa Ng'washi, mama wa makamo kutoka Nyamahanga, viatu vya tairi mkononi na vumbi mpaka magotini. Alikuja kila Alhamisi. Akipata lori alikuja kwa lori, asipopata alikuja kwa miguu. Mwanawe Mihayo aliitwa kwenye mgambo Novemba iliyopita, na tangu mwezi wa sita vijana walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wawili wawili, wengine na begi, wengine na kilema. Mihayo hakuwa amerudi, wala hakuna barua iliyokuja kusema harudi.

— Shikamoo, mama, alisema Deodata.

— Marahaba, mwanangu. Balozi, orodha ya vijana wa vitani imefika?

— Bado, mama. Wilayani wanaishughulikia. Ikifika tu, wewe ndiye wa kwanza.

— Basi Alhamisi ijayo.

Ng'washi alilipokea jibu hilo kama anavyoipokea njia: hakuwa na hasira nalo. Bukuru alimwekea kikombe kabla hajaondoka, wazee wakasogea, na akakaa. Ndipo alipoiona karatasi.

— Mmepata picha za nani?

— Za Ulaya, alisema Malongo upesi.

— Naona lori la ushirika.

Kalamu Mbili aliweka kiganja juu ya karatasi. Alikiweka haraka mno, na hakuweza tena kukiondoa bila kueleza. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa lolote. Picha ilikuwa kama stempu, na kijana yule alikuwa na kofia mpaka kwenye nyusi. Lakini Deodata aliziona nyuso za wale wazee watatu zikikumbuka kwa pamoja maneno yao ya dakika tano zilizopita, muhindi, malale, mguu mmoja.

— Mpe aone, mzee, alisema.

Kiganja kiliondoka. Deodata alimwonyesha kioo kinavyowekwa. Ng'washi aliinama, akafumba jicho moja. Lori lililobeba chumvi lilipita kuelekea Biharamulo, vumbi likaja, likatua kwenye kahawa, naye bado ameinama.

— Hiki kiraka cha begani, alisema. Nilikishona mimi. Cha mfuko wa unga. Nilimwambia uzi ni mweupe, utaonekana. Akasema, vitani hakuna anayeangalia uzi.

Aliinua kichwa.

— Ni Mihayo. Na hili kosa jekundu ni la nini?

Deodata alikuwa na jibu. Lilikuwa lile lile, alilitoa muda mfupi uliopita kwa ufasaha na lilieleweka. Badala ya kulitoa, alilishika daftari lake kwa mikono miwili.

— Ni alama ya chuo, mama, alisema Kalamu Mbili. Wanaigonga kwenye kila kitu. Kwa mujibu wa… ya huko.

— Ni posta, alisema Malongo. Mimi barua zangu zote zinakuja hivyo.

— Ni dawa, alisema Shibuda. Wanapaka ili picha isiingie ukungu. Nimeona hospitali.

Tangu asubuhi hazikuwa zimetolewa hoja za kipuuzi kama hizo tatu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile hakuna aliyeicheka ya mwenzake.

Ng'washi alizisikiliza zote kwa heshima, kisha akamgeukia Deodata.

— Ni wewe uliyechora?

— Ni mimi, mama.

— Inafutika?

— Inafutika. Ni kalamu ya nta.

Ng'washi alilowesha pembe ya kanga kwa ulimi akaanza kufuta kuanzia pembeni kwenda katikati, taratibu, kama anavyofutwa mtoto aliyelala. Wekundu ulikwenda. Ulibaki mstari hafifu kwenye bodi la lori, si kwenye uso. Aliweka tena kioo.

— Anakuangalia wewe hapa.

— Ndiyo, mama.

— Anasema nini?

Deodata alifungua daftari. Mstari wa nne. Jumamosi, tarehe kumi na nane Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Njia panda. Jua kali. Sehemu ya mia mbili na hamsini ya sekunde. Alisoma mpaka mwisho wa mstari, akarudi mwanzo akasoma tena, kana kwamba pangeweza kuwa na safu aliyoisahau. Alikumbuka kila kitu. Lori lilikuwa linanguruma. Kijana yule alimwona, akainua mkono, akasema jambo, kisha akalisema tena kwa nguvu zaidi. Na yeye aliudhika. Alishusha kamera, akangoja, akiomba moyoni amalize, afumbe mdomo, atazame kwingine. Lori likaondoka kabla hajamaliza.

— Sikuandika, mama.

— Lakini ulisikia?

— Sikusikiliza.

Shibuda aliangalia ndani ya kikombe chake kitupu. Hakuna aliyetaja muhindi.

Ng'washi hakumlaumu, na Deodata aliona afadhali angelaumiwa.

— Hiki kipicha kinaweza kukua?

— Mkanda uko chuoni, mama. Nikirudi naweza kukikuza. Kikawa kama karatasi hii nzima.

— Mdomo utaonekana vizuri?

— Utaonekana.

— Balozi, alisema Ng'washi, bila kuinua jicho kwenye kioo. Mwandikie huyu aende. Akaniletee mkubwa. Nikiuona mdomo vizuri nitajua anasema nini. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema.

Kalamu Mbili aliiweka kalamu kwenye barua, akasaini, na hakukuwa na kitu. Ilikuwa ile ya tangu operesheni. Aliirudisha mfukoni mahali pake, akatoa nyingine, akasaini. Halafu akarudi juu, pale palipoandikwa sababu ya safari, na mbele ya neno "masomo" aliweka mkato.

— Mihayo wa nani, mama?

— Mihayo Ndassa. Wa Nyamahanga.

Aliandika, "na picha ya Mihayo Ndassa wa Nyamahanga", akihema puani. Wilayani wasingeelewa kabisa, na Malongo alikuwa mtu wa kulisema hilo. Hakulisema.

— Kahawa imekwisha, alitangaza Bukuru, ingawa birika lilikuwa bado zito mkononi mwake.

Wazee waliinuka mmoja mmoja, wakijifanya wana pa kwenda. Deodata alibaki na barua yake. Ng'washi alikuwa ameinama pale pale, jicho kwenye kioo, na midomo yake ilikuwa imeanza kutembea: inajaribu neno, inaliacha, inajaribu jingine. Mwanga ulikuja kutoka pembeni, laini, kwa sababu ya vumbi. Hakuwa anamwona mtu yeyote. Ilikuwa ni picha ya kuzungushiwa duara, na Deodata aliijua hata kasi yake, sehemu ya sitini.

Mkono wake uliingia mkobani, ukaigusa kamera, ukatoka na penseli. Akafungua daftari kwenye mstari wa nne, akasogea karibu kwenye ubao, akasikiliza.